Kodi (chord) ya F inanitoa jasho, tatizo ni vidole vyangu au gitaa?

binti_igoma
Wakuu habari za jioni. Mpiga gitaa wa kwaya yetu kahamia mkoa mwingine, tumebaki na kinanda tu na kwaya imepoa, basi nikajitosa nikanunua gitaa kavu la mtumba la nyuzi za chuma hapa Mwanza nijifunze. Em, G, C na D zinatoka, japo nikihama kutoka G kwenda C wimbo unanisubiri kwanza 😂. Shida ni F. Nalaza kidole cha kwanza juu ya nyuzi zote sita freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa), nakandamiza mpaka mkono unakakamaa, nikipiga inatoka tuk tuk tuk, uzi wa pili ndo hausikiki kabisa. Ncha za vidole zina malengelenge, hata kufua nasikia moto. Mwalimu wa kwaya kaniambia nina vidole vifupi nirudi zangu kwenye sauti ya pili. Eti kweli kuna watu gitaa linawakataa? Na nikifunga nyuzi za nailoni si zitakuwa laini?

solo_kavu
Dada achana na habari za vidole vifupi, kuna watoto wa shule ya msingi wanapiga F safi. Kagua gitaa kwanza, haya ya mtumba mengi nyuzi zimekaa juu balaa. Chukua rula pima pale freti ya 12, toka juu ya freti mpaka chini ya uzi mnene wa sita. Ikiwa kama milimita 2 na nusu uko poa, ikifika 4 hapo unapigana na chuma bure. Halafu jaribu kitu kingine, umbo hilohilo la F lipeleke freti ya 5. Kama kule linatoka na freti ya 1 linagoma, basi mchawi ni nati, ule mfupa wa juu nyuzi zinapopita kabla ya kufika kwenye vifungo. Mifereji yake haijachimbwa ya kutosha.
Nailoni usifunge. Gitaa lako limetengenezwa kwa mvuto wa chuma, nailoni zitalegea na sauti itakufa. Na mwenye gitaa la nailoni naye asithubutu kufunga chuma, briji, kile kipande nyuzi zinapofungwa kwenye tumbo la gitaa, inaweza kung'oka. Wewe nunua seti nyembamba, inayoanzia 010, yaani uzi wa kwanza una unene wa inchi 0.010, utaona tofauti siku hiyohiyo.

Mpwani wa Likoni
Nyongeza kidogo. Kidole cha kwanza hakina haja ya kubana nyuzi zote sita kwa nguvu! Angalia hiyo F vizuri, uzi wa 3, wa 4 na wa 5 tayari vimebanwa na vidole vingine, kazi ya kidole cha kwanza ni uzi wa 6, wa 2 na wa 1 basi. Kilalie kwa ubavu, ule upande unaotazama gumba, ndo una mfupa. Ukikilaza chali uzi wa pili unaingia kwenye kile kibonde cha kiungo na sauti inakufa, na hapo ndo ulipo wewe. Kisogeze karibu na chuma cha freti, gumba likae nyuma ya shingo.
Malengelenge usiyapasue, pumzisha vidole yakauke. Cheza kidogokidogo kila siku kuliko kujikomoa Jumamosi nzima, sugu itakuja yenyewe ndani ya wiki chache. Na ukimaliza futa nyuzi, huku kwetu pwani jasho na upepo wa chumvi ukizembea zinapata kutu upesi, na uzi wenye kutu unakwangua ngozi.

kinasauti
Mnamchosha bure, ana kwaya Jumapili 😅. Dada nunua kapo, kile kibano cha kubana nyuzi zote shingoni, bana freti ya 5, piga umbo la G, sauti inayotoka ni C ileile ya kinanda. F yenyewe inageuka umbo la C, na G inakuwa D. Nyimbo zenye kodi tatu zote umemaliza. Hata sebene na benga nyingi zinazunguka humohumo kwenye kodi tatu, ujanja uko mkono wa kulia. Mzee Mwenda Jean Bosco wa Katanga, yule aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952, alikuwa anadonoa kwa gumba na kidole cha shahada tu, peke yake, na unasikia besi na solo kwa pamoja.

solo_kavu
@kinasauti kapo sawa kwa Jumapili, ila siku kinanda kikihamia ufunguo wa Bb (B flati) ghafla atalia. F ajifunze tu. Aanze na ile ndogo ya nyuzi nne nyembamba za chini, wa 1 mpaka wa 4, vidole vitatu, kidole cha kwanza kinabana uzi wa 1 na wa 2 peke yake.

binti_igoma
Jamani asanteni sana. Nimepima, freti ya 12 ni milimita 3 hivi, ila umbo la F freti ya 5 LINATOKA, mpaka mdogo wangu kashtuka. Kwa hiyo ni nati? Kuna fundi wa samani jirani anasema anaweza kuichimba kwa tupa.

solo_kavu
Ni nati hiyo. Ila fundi wa samani hapana, tafuta fundi wa magitaa, maana tupa ikizidi mfereji unakuwa chini sana, uzi ukiachiwa wazi unakwaruza freti ya kwanza na dawa yake ni nati mpya. Mwambie abane uzi kwenye freti ya 3 kisha achungulie pale freti ya 1, inatakiwa ibaki nafasi ndogo sana, kama unene wa karatasi. Achimbe kidogo, arudishe uzi, aangalie, ndo aendelee. Akianza kuchimba sita zote kwa mkupuo chukua gitaa lako uondoke.