Lugha ya Mwaloni Kirumba: "giza" ni lini hasa?

Mgeni wa Buzuruga:
Wakuu habari. Nataka kuanza kununua dagaa Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, niwe natuma Dodoma, ila lugha ya pale inanipiga chenga. Jana nimempigia jamaa mmoja kuulizia gunia, akanijibu, "Vumilia giza liingie, bei itashuka." Sasa giza si linaingia kila siku saa moja? Mwingine akaniuliza nataka wa chanja au wa chini. Nikamwambia wowote, akacheka. Nifungueni macho kabla sijapigwa.

Mama Dagaa:
Karibu mwanangu. Hao dagaa ndio wamenisomeshea watoto, kwa hiyo nisikilize.

Giza la mwaloni halifuati saa, linafuata mwezi. Dagaa anavuliwa usiku kwa taa: vijana wanawasha karabai juu ya maji, dagaa anaufuata mwanga, wanamzungushia nyavu. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linang'aa, dagaa hana haja ya kuja kujazana kwenye taa yako. Siku hizo ndizo mbalamwezi. Mitumbwi inalala, vijana wanashona nyavu (na kunywa, tusifichane), bei inapanda. Mwezi ukishafifia, hapo ndipo giza limeingia. Mzigo unashuka kutoka visiwani, kutoka Ukara, kutoka Goziba, bei inalegea. Kabla hujampigia dalali, toka nje uangalie juu. Na ukisikia karabai usidhani lazima ni ile ya mafuta ya taa, siku hizi wengi wanatumia za sola.

Haya, chanja. Wa chini ameanikwa mchangani. Wa chanja ameanikwa juu, kwenye nyavu zilizotandikwa kwenye miti, na bei yake iko juu vilevile. Mdomo wa muuzaji achana nao, tumia mkono. Chota katikati ya gunia, siyo juu, maana juu ndiko wanakopamba. Sugua kwenye viganja, kung'uta, halafu angalia: mchanga unabaki kwenye mistari ya kiganja. Kisha tazama tumbo. Aliyepata jua kali la siku moja anang'aa kama fedha na ni mzima. Aliyenyeshewa amegeuka kahawia, tumbo limepasuka, kichwa kinadondoka ukimgusa. Huyo ni dagaa wa kuku, wa kusagwa chakula cha mifugo. Masika anakuwa mwingi na wapo wanaomchanganya. Ukipewa bei tamu mwezi wa nne, mwaga gunia lote chini.

Kijana wa Igombe:
Kwa dagaa mama kamaliza. Upande wa sangara utasikia mapanki, hayo ni mifupa na vichwa vinavyobaki kiwandani minofu ikishatolewa. Kayabo ni sangara wa chumvi, mzigo wa Kongo huo. Ukiona watu wanabishania bei kwa sauti ya chini, hilo ni bondo, kile kifuko cha hewa cha sangara. Linakaushwa linaenda China, na kilo yake inaiacha mbali kilo ya nyama. Kokoro usilitajetaje mbele ya usiowajua, ni nyavu haramu, utaonekana umetumwa.

Mgeni wa Buzuruga:
Asanteni sana, kumbe yule jamaa alikuwa ananisaidia. La mwisho mama: gunia wanauza kwa kilo au kwa kukadiria?

Mama Dagaa:
Atakwambia kilo. Nenda na mzani wako, na upime mbele yake, akinuna nenda kwa jirani yake. Na viatu vyeupe acha nyumbani.