Osimhen kwa euro milioni 75: waliomlea Lagos wanastahili ngapi, na nani anawakosesha?

Mleta mada: Galatasaray ya Uturuki walipomnunua Osimhen, mshambuliaji wa Nigeria, kutoka Napoli ya Italia mwaka 2025, kelele zikawa zilezile: Ulaya inanyonya Afrika. Nabisha. Kanuni za FIFA zinakata asilimia 5 ya ada kwa ajili ya waliomkuza mchezaji: 0.25 kwa kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15, na 0.5 kwa kila mwaka wa 16 hadi 23. Osimhen kazaliwa Desemba 1998, kaenda Wolfsburg ya Ujerumani Januari 2017. Miaka minne ya 0.25 na mitatu ya 0.5 ni asilimia 2.5, yaani euro 1,875,000 za Nigeria, mradi kila mwaka una usajili rasmi. Akademi zijilaumu zenyewe kwa makaratasi.

Mchangiaji 1: Kesi iko kwenye hiyo "mradi", mkuu. Kituo kisicho mwanachama wa shirikisho, kwa FIFA si klabu, hata kama kimemlisha dogo miaka sita. Kingine kinamsajili ana miaka 17, tiketi ya ndege iko mezani. Pasipoti yake ya uchezaji, yaani rekodi ya klabu alizosajiliwa, inasoma mwaka mmoja. Na wakimpunguzia dogo umri, tarehe zinagongana, dai linakwama.

Mchangiaji 2: Mmesahau fidia ya mafunzo, hela ambayo klabu mpya inawalipa waliomfundisha mchezaji, inayodaiwa kwenye mkataba wa kwanza wa kulipwa. Dogo aliyelelewa tangu miaka 12, akitimiza 18 akasaini klabu ya Ulaya ya kundi la kwanza, lile la gharama kubwa zaidi za mafunzo kwa FIFA: miaka minne kwa euro 10,000, miwili kwa 90,000. Ni 220,000, na miezi ya mwaka wa 18 sijaigusa. Klabu inaleta fedha kiduchu taslimu pamoja na karatasi ya kusamehe fidia. Akademi inayodaiwa mchele dukani itakataa?

Mleta mada: Akademi ya Right to Dream ya Ghana waliliona hilo, wakanunua klabu ya Nordsjælland ya Denmark mwaka 2015. Kudus, kijana wao, alipouzwa na Nordsjælland kwenda Ajax 2020, hela ilibaki nyumbani.

Mchangiaji 2: Hiyo ni njia ya mwenye mtaji. Akademi ya Génération Foot ya Senegal imeshikamana na klabu ya Metz ya Ufaransa tangu 2003. Mané na Ismaïla Sarr walipitia huko, na Metz ndio waliokaa mezani kuwauza. Akademi isipodai asilimia ya mauzo yajayo ndani ya mkataba, inabakiwa na kipande cha ile asilimia 5. Mchezaji akimaliza mkataba akaondoka bure, hakuna ada ya kukata. Hapo kosa la makaratasi liko wapi?