Wakuu naombeni ushauri: tasnifu yangu ya utopia niielekeze wapi?

Mleta uzi (Nachingwea):
Wakuu, heshima kwenu. Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu utopia (jamii kamilifu ya kufikirika) na distopia (kinyume chake, jamii ya mateso) katika falsafa ya siasa, na mfano wangu ni Operesheni Vijiji, ile kampeni ya serikali ya kuhamishia watu vijijini miaka ya 70, huku kusini mwa Tanzania. Msimamizi anataka nimfuate mwanafalsafa Karl Popper: ukishachora jamii kamilifu na kutaka kuijenga yote kwa mkupuo, utaishia kwenye mabavu, kwa hiyo bora kuondoa kero moja baada ya nyingine.

Hapa Nachingwea hoja hiyo ina mashiko. Waingereza walianza mradi wao wa karanga 1947, wakafyeka mapori na kujenga reli kwenda pwani, 1951 wakautupa. Halafu Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kuishi vijijini ni amri.

Lakini bibi yangu anasimulia kuhamishwa kwa uchungu, na papo hapo anasema bila kijiji wanawe wasingeona darasa. Nikiandika distopia tupu nitakuwa nimechukua nusu ya maneno yake. Nifanyeje?

Mdau wa Songea:
Mkuu, usianzie 1973. Anzia Litowa, kwenye vijiji vya Chama cha Maendeleo Ruvuma. Watu walijikusanya wenyewe, wakalima pamoja, wakaendesha shule yao na kuamua mambo mikutanoni. TANU, chama tawala, ikakivunja chama hicho 1969, wakati andiko la Nyerere la Ujamaa Vijijini la 1967 lenyewe lilisisitiza hiari! Popper anakupa silaha dhidi ya amri. Kwa Litowa msome mwanasosholojia Erik Olin Wright (2010), anayetafuta utopia katika mambo ambayo watu tayari wanayafanya, kama vyama vya ushirika vya Mondragon kule Hispania.

Msomaji:
Ongeza mwanafalsafa Robert Nozick, 1974. Kwake utopia ni mfumo ambao kila mtu anajiunga na jamii aipendayo na ana haki ya kuihama. Hicho ni kipimo kizuri cha kesi yako.

Mkulima, Tandahimba:
Ndugu Msomaji, haki ya kuhama peke yake haitoshi kwetu. Mzee wangu alihamishiwa kijijini, mikorosho ikabaki alikotoka. Ukiishi mbali hupalilii, huokoti kwa wakati, nyasi zinapanda, moto wa kiangazi ukipita umekwisha. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho. Katikati ya miaka ya 80 hazikufika 20,000. Si vijiji peke yake, bei ilikuwa duni na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ulikausha maua, hilo liandike pia. Ila mtu hahami na mkorosho wake. Mimi ningeuliza: nani alipewa nafasi ya kukataa kabla lori halijafika?

Mleta uzi:
Mzee wangu, hapo umenifungua. Basi sura ya tatu nitaijenga juu ya nafasi ya kukataa: Litowa upande mmoja, amri ya 1973 upande wa pili. Msimamizi akisema hiyo si falsafa?

Mdau wa Songea:
Mjibu kwamba hata mwanafalsafa John Rawls alizungumzia utopia inayotekelezeka, na swali la nani anaridhia ni la kifalsafa tangu zamani. Halafu rudi kwa bibi. Muulize waliosita kuhama walifanywaje, na ile shule iliamuliwa na nani. Mrekodi kwa ridhaa yake.

Mleta uzi:
Nitaenda Jumamosi. Mwenye wazee Newala au Ruangwa walio tayari kuzungumza, naomba anicheki inbox.