Opereta za kujitungia kwenye R zimeniumbua mbele ya bosi

Wakuu habari za jioni, mimi leo sijaja kwa amani.

Kuna jamaa ofisini kwetu hapa Posta katokea kwenye Python, na huko si mnajua unaandika a, b = 1, 2 unajaza variabo (majina ya kuhifadhia thamani) mbili kwa mpigo mambo yameisha, sasa kafika kwenye R, lugha nyingine ya programu, kakuta hakuna hiyo kitu, badala ya kuandika mistari miwili kama binadamu wengine akajitungia opereta yake (alama ya kuiamuru R ifanye kazi fulani) %=% akaificha kwenye .Rprofile, faili ambalo R inalisoma ikiwaka, ya laptopu yake. Kwake skripti inateleza kama mlenda, mimi nikiifungua naambiwa could not find function "%=%". Nimemaliza bando kutafuta kitu ambacho kipo kwenye mashine ya mtu mmoja tu Dar nzima!!

Nikalalamika, akaitoa akaweka pakeji (kodi ya ziada iliyoandikwa na wengine) ya zeallot yenye %<-%. Sawa, hiyo angalau kila mtu anaipakua. Kumbe ndo nimeruka mkojo nikakanyaga mavi. Hebu oneni huu mstari, ni bei za gunia la mchele pale Tandale, range inatoa ya chini kabisa na ya juu kabisa, tunazitaka kwa maelfu:

c(chini, juu) %<-% range(bei) / 1000

Mmeona tatizo? Mimi sikuona. Opereta yoyote yenye asilimia huku na huku, R inaifanya KABLA ya kuzidisha na kugawanya, siyo kama <- ya kawaida ya kujazia variabo, inayosubiri hesabu iishe. Kwa hiyo inajaza chini na juu kwanza, ndo inagawanya, na jibu la kugawanya haliendi popote. Ushenzi wenyewe sasa, konsoli (dirisha la majibu) inakuonesha 220 na 340 safi kabisa, we unaenda zako kunywa chai, kumbe ndani ya variabo zimekaa 220000 na 340000 zinakuchora tu.

Ripoti ikatoka "gunia linaanzia sh. elfu 220000". Milioni mia mbili na ishirini gunia moja! Bosi kaisoma kwa sauti kwenye kikao, taratiiibu, halafu akaniuliza MIMI kama huo mchele unakuja na kiwanja cha Mbweni.

Dawa yenyewe mabano tu, (range(bei) / 1000), basi. Jamaa namwambia ananijibu "si ungesoma maelezo kaka". Maelezo yapi na skripti haina hata komenti moja??

Nimerudisha mistari yangu mitatu ya <- kama zamani. Anayetaka kuja kuitetea hiyo %<-% aje, umeme upo na silali.