Binti yangu wa miaka 8 amepewa alama 78 katika kipimo cha akili: nifanye nini?

Mzazi wa Igombe

Habari zenu, ndugu zangu. Naomba mawazo ya walimu, wanasaikolojia na wazazi wenzangu kuhusu jambo linaloninyima usingizi kwa wiki mbili sasa. Binti yangu ana miaka 8. Tangu akiwa mdogo alilelewa na bibi yake Ukerewe, na Januari mwaka huu nilimleta Mwanza nikamwombea nafasi katika shule moja ya binafsi inayofundisha kwa Kiingereza. Kabla ya kupokelewa alipimwa kwa muda usiofika saa moja, akiwa na mtu asiyemfahamu, kwa maelekezo ya Kiingereza ambayo yalitafsiriwa kwa Kiswahili pale tu alipokwama. Baadaye niliitwa ofisini nikaambiwa kwamba IQ yake ni 78, kwamba uwezo wake uko chini, na kwamba nisitarajie makubwa. Karatasi niliyopewa ina namba hiyo tu, bila jina la kipimo.

Kwa bibi yake mtoto huyu ndiye aliyekuwa akiangalia dagaa walioanikwa, na alijua wakati wa kuwaanua kabla mvua haijafika. Akitumwa dukani kununua vitu vitatu au vinne hurudi navyo vyote pamoja na chenji kamili. Lugha yake ya nyumbani ni Kikerewe. Kiswahili anakielewa, na Kiingereza ndiyo kwanza anaanza kukisikia. Je, ninajidanganya kwa sababu ni mwanangu, au kipimo kile kina walakini?

Mwalimu wa Upimaji, Nyegezi

Pole sana, ndugu mzazi. Nimefundisha upimaji wa kisaikolojia kwa miaka kadhaa, na nitaanza na namba yenyewe, kwa kuwa ulipewa namba bila kufundishwa namna ya kuisoma. Alama ya IQ haisemi mtoto ana akili kiasi gani. Inasema amesimama wapi akilinganishwa na watoto wa umri wake waliofanya kipimo hichohicho wakati kilipokuwa kinatengenezwa. Wastani wa kundi hilo hupewa alama 100, na takribani watoto 68 katika kila 100 huangukia kati ya 85 na 115. Alama 78 ina maana kwamba watoto kama 7 katika 100 wa kundi lile walipata alama hiyo au chini yake. Basi swali la kwanza la kuwauliza shuleni ni hili: kundi lile lilikuwa la watoto gani? Kama ni watoto wa London au Chicago waliokulia katika Kiingereza na vitabu vya picha, binti yako amelinganishwa na watu ambao hakuwahi kuishi maisha yao. Isitoshe, hata kipimo bora kikifanywa kwa lugha ya mtoto hubaki na kosa la kipimo, yaani alama inaweza kupanda au kushuka kidogo bila uwezo wa mtoto kubadilika, na ndiyo maana ripoti makini hutaja masafa, kwa mfano kati ya 73 na 83, badala ya namba moja.

Mwanasaikolojia Mfaransa Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon walipotoa kipimo chao cha akili mjini Paris mwaka 1905, lengo lilikuwa kuwatambua watoto waliohitaji msaada wa ziada darasani, na Binet alipinga vikali wazo kwamba akili ya mtu ni kiasi kisichobadilika. Kumwambia mzazi asitarajie makubwa ni kwenda kinyume cha kazi hiyo.

Utafiti ambao umenigusa zaidi ulifanyika kwenye ufuko wa ziwa letu hilihili, upande wa Kenya, katika kijiji cha Usenge. Mwanasaikolojia wa Marekani Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto wa Kijaluo ujuzi wa dawa za mitishamba, yaani kujua dawa ipi hutibu nini na hutumiwaje, kisha wakawapa pia vipimo vya aina ya shule. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001, watoto waliokuwa hodari katika mitishamba walielekea kupata alama za chini, si za juu, katika vipimo vya msamiati. Mtoto anayetumia muda wake kujifunza kile ambacho jamii yake inakithamini hana budi kupunguza muda wa kingine. Mwanasaikolojia mwingine, Robert Serpell, naye alionyesha mwaka 1979 kwamba watoto wa Zambia waliwashinda wa Uingereza katika kuunda maumbo kwa waya, wakashindwa nao katika kuchora kwa penseli, na kwa udongo wa mfinyanzi wakawa sawa. Uwezo wa kuona umbo na kulirudia ulikuwepo pande zote mbili. Kilichobadilisha mshindi ni kifaa walichopewa mkononi.

Mama wa Mwaloni

Kaka, mimi si msomi wa saikolojia, nauza dagaa Mwaloni. Kwetu debe la dagaa waliokauka vizuri na debe la dagaa wenye unyevu hujaa sawasawa, lakini ukiyapandisha kwenye mizani hayalingani, na mnunuzi asiyeuliza kilichotumika kupimia hula hasara. Nina mtoto aliyewahi kuambiwa maneno kama hayo, na yalimwingia moyoni kuliko alama zenyewe, hata akaacha kunyoosha mkono darasani. Nakuomba sana, binti asiisikie namba hiyo, na karatasi uichane.

Mwalimu wa Elimu Maalumu, Sengerema

Dada yangu wa Mwaloni, kuhusu mtoto kutoisikia namba hiyo naungana nawe kwa dhati, lakini karatasi isichanwe. Nimewaona wazazi wengi waliokataa kipimo kwa hasira ya haki kabisa, kisha mtoto akakaa miaka mitatu bila msaada aliouhitaji. Nilikuwa na mwanafunzi aliyefanya vibaya mno katika maswali ya maneno, ilhali katika mafumbo ya michoro alikuwa sawa na wenzake. Pengo hilo ndilo lililotufanya tumpeleke kupimwa masikio, ikabainika kwamba sikio moja lilikuwa halisikii. Kwa hiyo, ndugu mzazi, omba alama za kila sehemu ya kipimo, kwa sababu jumla huficha mambo kama hayo.

Fahamu pia kwamba ulemavu wa akili hautangazwi kwa IQ peke yake. Kwa kawaida alama huwa karibu na 70 au chini, na ni lazima ithibitike kwamba mtoto anashindwa na shughuli za kila siku za umri wake: kujihudumia, kuwasiliana, kutumwa na kurudi. Ulivyomweleza binti yako, hiyo sehemu ya pili siioni kabisa.

Jambo jingine ni afya. Mtoto aliyekulia Ukerewe, akioga na kuchota maji ziwani, apimwe kichocho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kuhusu wanafunzi wa Tanzania uliwakuta wenye maambukizi makubwa ya kichocho wakiwa na kumbukumbu hafifu ya muda mfupi na wepesi mdogo wa kuitikia. Mwaka huohuo Sternberg na wenzake walichapisha kazi waliyoifanya karibu na Bagamoyo: watoto walipimwa, wakafundishwa kwa muda mfupi namna ya kushughulikia maswali ya aina ile, wakapimwa tena, na alama zikapanda. Mimi huwa nathamini zaidi kile mtoto anachojifunza katikati ya vipimo viwili kuliko kile alichokuja nacho.

Mzazi wa Igombe

Nawashukuru nyote kutoka moyoni. Masikio na macho ni mazima. Kipimo cha choo kimeonyesha kichocho, amepimwa urefu na kupewa vidonge palepale. Shule nimeiandikia barua nikiomba jina la kipimo, alama za kila sehemu na kundi la ulinganisho, bado sijajibiwa. Je, ninaweza kumpeleka kupimwa upya mwezi ujao?

Mwalimu wa Upimaji, Nyegezi

Kipimo kilekile kisirudiwe kabla ya mwaka mmoja hivi, kwa sababu mtoto aliyekwisha kuyazoea maswali hupata alama zisizo zake. Mwache apone, azoee mji na lugha. Siku ikifika, tafuta mpimaji atakayekaa naye kwanza hata nusu saa wakicheza na kuongea, na kama hajui Kikerewe, akubali kuwa na mkalimani aliyeandaliwa kabla, asiwe mtu wa kuokotwa mlangoni.