Binti kachora mstari SAHIHI, kapewa alama 1 kati ya 5. Walimu mlio humu, nielezeni!

Wakuu, mimi ni fundi wa paa hapa Bombo, Uganda, si mtu wa vitabu, lakini hili limenikaa kooni tangu jana jioni.

Binti yangu yuko S.2, yaani mwaka wa pili wa sekondari. Wamepewa jaribio la grafu, swali la kwanza: chora mstari wa y = -2x + 5. Basi. Hakuna neno lingine. Mtoto kaweka nukta kwenye 5 ya mhimili wa y, kwa sababu x ikiwa sifuri y ni 5. Gradienti, yaani mwinamo wa mstari, ni -2, kwa hiyo kaenda moja kulia, kashuka mbili, kafika (1, 3). Karudia, kafika (2, 1). Kaweka rula, kapiga mstari. Nimeukagua mwenyewe kwa penseli, hauna kasoro.

Kalamu nyekundu: "JEDWALI LIKO WAPI?" Alama 1 kati ya 5.

Jedwali la kupanga thamani za x na y limeombwa na nani? Mstari ulionyooka unataka nukta mbili tu, ya tatu ni ya kujihakikishia. Ingekuwa y = x², sawa, pale mstari unapinda na jedwali lina kazi yake. Mimi nikipanga kenchi naanzia kimo cha ukuta, halafu najua kila futi nne za kwenda mbele inapanda futi moja. Sijawahi kuandika jedwali juu ya ukuta, na mabati yangu hayavuji.

Hilo ningelisamehe. Swali la pili ndilo lililonipandisha presha. Boda anatoza shilingi 1,000 ukishapanda tu, na 500 kwa kila kilomita. Chora, kisha taja gradienti. Mtoto kaandika y = 500x + 1000, kachora. Kulalia, kisanduku kimoja ni kilomita 1. Kusimama, kisanduku kimoja ni shilingi 1,000. Mstari unaanzia 1,000, ukifika kilomita 4 uko kwenye 3,000. Yaani 2,000 kugawanya kwa 4, jibu 500.

Mwalimu kaikata ile 500, kaandika ½!

Nikakaa nayo mpaka nikaelewa alichofanya: kahesabu visanduku. Vinne kulia, viwili juu. Skeli hata hajaitazama! Hivi Uganda hii kuna boda gani wa kukubeba kilomita nzima kwa nusu shilingi? Nionyesheni stendi yake nihamie huko.

(Kweli, mtoto hakuandika majina ya mihimili. Hiyo alama moja mkate, sina ugomvi.)

Leo asubuhi nimekwenda shuleni. Mwalimu wake kanijibu, "Mzee, huo ndio utaratibu wetu." Nikamuuliza kuhusu ile ½, akasema ana kipindi. Huu mtaala mpya ulipoanza 2020 wazazi tuliambiwa watoto watatumia hesabu kwenye maisha yao. Huyu kaitumia kwenye nauli, kakatwa.

Na sasa kakunja daftari, ananiambia, "Baba, bora niwe nafanya kama anavyotaka."

Jumatatu narudi kwa mwalimu mkuu. Walimu wa hesabu mlio humu, nijibuni kabla sijaenda: ile ½ inaweza kutetewa vipi? Na msiniletee "pole mzee".