Kidato cha tano au diploma? Anayemrudisha mtoto nyuma ni chuo kikuu

Wakuu, hapa Tanzania kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka tunarudi palepale: mtoto aende kidato cha tano, au asome diploma kwanza na digrii aifuate baadaye? Safari hii kuna mzazi ameandika kwamba diploma ni njia ya waliofeli, na wengi wamemuunga mkono. Mimi nampinga.

Tuhesabu. Kidato cha tano na sita ni miaka miwili. Diploma kwa aliyetoka kidato cha nne ni mitatu, NTA 4 mpaka 6, yaani ngazi za tuzo za ufundi. Tofauti ni mwaka mmoja tu. Kuingia chuo kikuu, wa kidato cha sita anatakiwa awe na principal mbili (masomo mawili aliyofaulu kikamilifu) zenye jumla ya pointi 4.0, wa diploma GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.0 juu ya ufaulu wake wa kidato cha nne. Hiyo 3.0 haiokotwi. Waulizeni waliosoma uhandisi DIT, taasisi ya teknolojia ya Dar es Salaam, au utabibu kwenye vyuo vya afya.

Na mtoto akiharibu kidato cha sita anabaki na nini? Divisheni foo ya PCB (fizikia, kemia na baiolojia) haimpi kazi hospitali wala duka la dawa. Atarudi kuanza cheti, umri umesogea na wazazi wamechoka. Mwenye diploma ya uuguzi, umeme au maabara, hata chuo kikuu kikimkataa, ana fani mkononi. Kwa nyumba isiyo na akiba, hilo ndilo la kwanza.

Kwenye ada nakubaliana na wapinzani. Tangu 2022/23 serikali imefuta ada ya kidato cha tano na sita, wakati wa diploma analipa. Bodi ya mikopo ilianza kukopesha diploma 2023/24, lakini kwa fani za kipaumbele, kwa hiyo wengi bado wanategemea mfuko wa mzazi. Hapo hoja yao ina uzito.

Ila kinachoniuma hasa hakijatajwa na yeyote. Mtu mwenye diploma akifika chuo kikuu, kwa kawaida anaanzishwa mwaka wa kwanza sawa na aliyetoka kidato cha sita. Mdogo wangu ana diploma ya umeme na amefanya wayaringi ya nyumba nyingi tu hapa mtaani. Muhula wa kwanza wa digrii alikaa maabara akipima ukinzani kwa mita na kuchora grafu ya kanuni ya Ohm, kazi aliyoifanya akiwa NTA 4. Pembeni yake kijana wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) ndiyo kwanza anaelekezwa waya ziingie wapi. Miaka mitatu ya karakana na fildi ilimpa nafasi ya kuingia tu. Haikumpunguzia hata somo moja.

Marekani, anayemaliza associate, yaani shahada ya miaka miwili kwenye chuo cha jamii, anakuwa na krediti kama 60 kati ya 120 za shahada ya kwanza, na akihamia chuo kikuu analenga kuingia mwaka wa tatu. California walilitungia sheria mwaka 2010: mwenye shahada maalumu ya kuhamia anahakikishiwa nafasi katika mfumo wa California State University. Kwao pia krediti hupotea njiani, tena nyingi, hasa mtu akibadilisha fani. Lakini msingi wao ni kwamba ulichosoma kinahesabiwa. Kwetu diploma iko chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, digrii iko chini ya TCU, tume ya vyuo vikuu, na mwanafunzi ndiye anayelipia pengo lililo katikati.

Kuna mchangiaji ameandika kwamba hisabati ya diploma ni nyepesi kuliko ya PCM. Inawezekana kabisa, kwenye baadhi ya fani. Basi apewe hisabati hiyo, apewe na mtihani wake. Kumrudishia na masomo ya karakana aliyofaulu ni kumpotezea muda na kumwongezea deni la bodi.

Kwa hiyo msimamo wangu: kama mtoto anajua fani anayoitaka na ada inapatikana, aende diploma bila aibu. Na TCU na NACTVET wakae meza moja, waorodheshe fani kwa fani masomo ya NTA 6 yanayofuta ya mwaka wa kwanza. Waanze na uhandisi na afya, ambako mfanano uko wazi.

Wahadhiri mlioko humu, kwenye idara zenu ni somo gani la mwaka wa kwanza ambalo mwenye diploma hana haja ya kulirudia? Litajeni kwa jina.